Maji ya Baraka kwenye Chupa za Tikiti

Zita alipofungua chumba cha maabara asubuhi ile, alijua mambo yameharibika kabla hajavaa hata koti. Ukungu mweupe ulikuwa umefunika vichipukizi vya tikiti, chupa kwa chupa.

Hayakuwa matikiti ya sokoni Makambako hayo. Yalikuwa ya marehemu mama yake, aliyeyalima Manda, kule Ludewa kando ya ziwa, miaka nenda rudi, mpaka ziwa lilipofurika likameza bustani. Baba yake, mzee Odilo, alileta mbegu za mwisho, zikaota mbili tu. Ungeipanda wapi miche hiyo na baridi hii ya Makambako? Zita akaikata vipande, akavilaza kwenye jeli yenye sukari ndani ya chupa zilizochemshwa, kila kipande kichipue mmea wake. Vikachipua kweli. Akiba haiozi, akajisifu. Sasa ilikuwa imeoza.

Nani aliingia? Hakuna, ila Jumapili alimleta baba yake baada ya misa aone. Mzee alivalishwa koti jeupe na kofia, akajicheka eti amekuwa mpishi wa harusi. Simu ikaita, Zita akatoka kidogo tu.

Akazipekua chupa zote. Nyuma kabisa ya rafu ya juu akaikuta moja safi, kichipukizi chake kibichi. Akaikumbatia huku machozi yakimtoka.

"Hodi!" Mzee Odilo alikuwa mlangoni na begi lake, amekuja kuaga arudi Ludewa. Alipoiona chupa ile akatabasamu, akatoa kichupa mfukoni, akakifungua.

"Afadhali umeishusha, mwanangu. Jumapili sikuifikia. Nyingine zote nilizifungua nikazitilia tone la maji ya baraka. Mama yako hakupanda mbegu isiyobarikiwa hata siku moja."

Zita alitamani kumficha ukweli, lakini mzee alishanyoosha mkono aichukue chupa.

"Baba, acha! Maji hayo ndiyo yaliyoziua. Humu ndani tone moja tu la maji yasiyochemshwa linaozesha kila kitu."

Mzee akazitazama zile chupa za ukungu, akakifunga kichupa chake taratibu.

"Na mama yako je?" akauliza. "Siku zile za mwisho alipokataa chakula, nilimnywesha haya haya."

"Hapana, baba. Mama aliugua," Zita akasema, akaweka chupa mezani amshike. Lakini mzee alikuwa ameshaketi sakafuni, analia.