Apana Niliyomwambia Daktari

Msiniambie ni kudra ya Mungu. Wanawake wa mtaa wetu wa Buyenzi wamekuja mmoja mmoja kuniambia hivyo, na kila mmoja nimemwitikia kwa sababu sina nguvu za kubishana. Lakini mwanangu Soumaya alikufa kwa neno moja, na neno hilo nililisema mimi, mdomo huu huu.

Kwetu maharusi hupimwa damu kabla ya nikaha, na kila upande hutuma mwanamke wa kusikia majibu ili baadaye pasiwe na maneno. Upande wa bwana harusi, Rachid, walimtuma shangazi yake, Fadhila, mwanamke ambaye akiingia nyumbani kwako unajuta hukufagia vizuri. Upande wetu nilikwenda mimi. Soumaya alikaa katikati yetu, mtandio umemshuka hadi puani. Bibi harusi hasemi mbele ya wakwe. Anayemsemea ni mama yake.

Daktari Moïse, kijana mpole, aliisoma karatasi mara mbili.

"Mengine yote iko sawa," akasema. "Ila sukari iko juu. Amekula kitu asubuhi?"

"Apana, dokta. Amekuja à jeun, bila kula kitu, vile mulisema."

"Anakunywa maji mingi? Anaenda kukojoa kila saa? Amekonda siku hizi?"

Jamani! Mwezi mzima mtoto alikuwa akimaliza dumu la maji peke yake. Gauni la harusi, fundi alilipunguza kiuno mara mbili. Nilikuwa najua, nikajidanganya kwamba ni wasiwasi wa ndoa. Sasa nikamtupia jicho Fadhila, ametulia, mikono mapajani. Nikamwona mawazoni akirudi kwao Carama na habari kwamba binti wa Idi, mume wangu, ni mgonjwa, watafute mwingine.

"Apana," nikasema. "Mutoto yangu iko muzima."

Soumaya aligeuza uso kidogo, akaniangalia.

"Bon," daktari akasema. "Kama hana dalili, kipimo moja haitoshi kumuita mutu mugonjwa. Tutarudilia. Akuje baada ya wiki mbili, asubuhi, bila kula. Angekuwa na kiu, na amekonda, mi singengoja hata kesho. Dawa ingeanza leo leo."

Nilimsikia vizuri. Hilo ndilo linalonichoma. Ningeweza kusema samahani, dokta, nimesahau. Nikasema merci, nikakunja karatasi.

Nilipanga kurudi peke yangu kesho yake. Kesho yake wakaingia wageni kutoka Rumonge. Kesho kutwa ikawa siku ya kununua hina, maana nikaha ilibaki wiki tatu. Kisha nikajiambia kwamba wiki mbili si nyingi, daktari mwenyewe kasema. Tazameni akili yangu: nilimdanganya mtu, halafu nikajituliza kwa ushauri alionipa kutokana na uongo wangu mwenyewe.

Siku ya nane Soumaya akaanza kutapika. Idi, baba yake, akanivuta uani.

"Mama Soumaya, niambie ukweli. Huyu mutoto ana mimba?"

Niliapa hana. Kisha nikaongeza ujinga juu ya ujinga: nikamfungia chumbani majirani wasimwone, maana kama baba yake amewaza mimba, wao je? Kiu ilimkaba, akaomba Fanta baridi. Nikampa mbili. Namna alivyonishukuru, siwezi kuisahau.

Siku ya kumi akawa anahema kwa nguvu hali amelala, na mdomo wake unanuka tunda lililoiva hadi kuoza. Nikimwita haitiki. Idi alimbeba mpaka kwenye gari la jirani. Hospitali walimtoboa kidole, mashine ikakataa kutoa namba. Sukari ilikuwa imepita mwisho wa kipimo chake. Daktari mmoja mama akauliza hali hii imeanza lini.

"Juzi," Idi akajibu.

"Mwezi na zaidi," nikasema.

Idi aligeuka akanitazama, na tangu siku ile hajanitazama tena. Walimtundikia Soumaya maji, wakamchoma insulini, walifanya walichoweza. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri.

Fadhila alikuja siku ya tatu ya matanga. Akapiga magoti mbele yangu mkekani, na yeye hakutaja kudra.

"Mama Soumaya, iko kitu inanikaba. Siku ile, mbele dokta hajatuita, mutoto alitoka mara tatu kwenda choo. Mi nilimuona. Dada yangu alikufa na sukari, ile alama naijua. Uliposema apana, nilijua unaficha."

"Na ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Nilizani nikisema, mutaona tunatafuta njia ya kuvunja ndoa."

"Mungemukataa?"

"Soumaya?" Alishangaa kweli. "Nani amukatae? Rachid angemuoa na sindano yake."

Nilimchukia siku hiyo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Hakutoka, na sikumwambia mara ya pili.