Jino la Nyangumi na Visanduku Viwili

Pini ya suruali ilikuwa imepotea tena. Vasiti alipekua kikapu cha nyuzi, akainua mkeka, mwisho akachomoa ile iliyoshikilia pazia. Akaukunja mguu wa kulia wa suruali mpaka pale palipokuwa na goti, akaubana.

"Usinichome."

"Nikuchome wapi, Baba Titilia? Huku hakuna mtu."

Wakacheka wote wawili. Usipocheka utafanyaje?

Mumewe, Sakeasi, angependa kuvaa sulu yake, kitambaa cha kufunga kiunoni, kama wanaume wenzake. Lakini safari ya pili alivaa sulu, na ofisi ya fidia ikaandika kwenye faili: jeraha halionekani. Yaani mtu amekatwa mguu na msumeno wa kiwanda cha mbao, ameingia na magongo mawili, halafu jeraha halionekani! Safari ya tatu wakataka daktari athibitishe kwamba mguu bado haupo. Sasa hii ilikuwa safari ya tano, na hakuna ya sita, kwa sababu dai lazima lipokelewe ndani ya mwaka mmoja tangu ajali, na mwaka wenyewe ulikuwa unaisha leo, ofisi ikifungwa saa kumi na nusu. Likikataliwa leo, basi, mguu umekwenda bure.

Walishuka mjini Labasa saa tatu. Nauli imepanda tena, kwa hiyo chai ya njiani waliiacha, wakala muhogo wao wa kuchemsha kwenye ngazi za ofisi.

Foleni ilisogea taratibu, na walipofika dirishani saa tisa alikuwepo Jone Ravula. Kwao Jone na kwao Sakeasi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hakusalimii kama binadamu.

"Ona huyu! Umekuja kuuza na huo mmoja uliobaki?"

"Nimekuja kuchukua wa kwako, mvivu wewe. Unakaa tu kutwa nzima, mguu wa nini?"

Foleni nzima ilicheka. Jone naye alicheka, akavuta faili, akafungua, na pale pale uso wake ukabadilika. Alishusha sauti.

"Kaka, kiwanda kimeleta barua."

Akaigeuza waione. Ilikuwa na picha. Meneja wa kiwanda amepiga magoti mkekani, shati la maua, kichwa chini, mikononi ameshika tabua, lile jino la nyangumi la kuombea mambo mazito, kubwa, jekundu kwa uzee, na kamba yake imening'inia. Mbele yake Baba Mkubwa Inoke, kaka yake marehemu baba yake Sakeasi, amenyoosha mikono kulipokea. Siku ile Sakeasi alikuwa bado kalazwa hospitali, ana wiki tatu tangu akatwe.

Chini ya picha wameandika: Familia ilipokea, ikasamehe, na mkuu wake akatamka mbele ya watu kwamba jambo limezikwa.

"Ni uongo?" Jone akauliza.

"Si uongo."

"Mzee alisema limezikwa?"

"Sasa ulitaka aseme nini?" Vasiti akadakia. "Mtu amekupigia magoti na jino la nyangumi, utamwambia ngoja kwanza nikafikirie? Wewe kwenu mnasemaje?"

"Tunasema limezikwa."

"Basi!"

"Mama, mimi najua. Hata bibi yangu angejua. Lakini fomu haijui." Akawasogezea karatasi. Ilikuwa na visanduku viwili. Kimoja: madai kati ya pande mbili yameisha. Cha pili: madai hayajaisha. "Aliyepokea ndiye aweke alama. Mwenyewe, kwa mkono wake. Bila hiyo siwezi kugonga muhuri."

"Hakuna pa kuandika maelezo?" Sakeasi akauliza.

"Hakuna."

Bahati Baba Mkubwa alikuwa palepale mjini, sokoni, anauza mizizi ya kava, ile inayotwangwa ikawa kinywaji cha wazee. Alikuwa anapanga mafungu yake, marefu kwa marefu, mafupi kwa mafupi, na alipowaona alianza kuwatafutia sanduku la kukalia. Sakeasi alimweleza akiwa bado amesimama juu ya magongo. Mzee alisikiliza bila kumtazama, anapukuta udongo kwenye mzizi mmoja ambao ulishakuwa safi.

"Aliniomba msamaha," akasema. "Nikampa. Hasira niliizika, na kweli sina. Chakula cha wanao hakuna aliyeniambia nakizika."

"Ndivyo nilivyowaambia, Baba."

"Basi waandike hivyo."

"Hawana nafasi ya hivyo. Ni yameisha au hayajaisha."

Mzee aliuweka ule mzizi chini. "Kwa hiyo nikanushe."

Sakeasi aliyachomoa magongo yake matopeni.

"Nililipokea kwa mikono hii, watu wazima wakapiga makofi. Leo nikisema halijaisha, nani tena atanikabidhi tabua? Wanaokuja kuoa? Wanaokuja kuzika? Watapita mlangoni kwangu kama nyumba haina mtu."

"Basi acha, Baba Mkubwa," Sakeasi akasema. "Kweli. Acha. Turudi nyumbani."

"Turudi nyumbani kula nini?" Vasiti alisema. Akapiga magoti pale pale kwenye maganda na matope ya soko, akainamisha kichwa. "Baba yangu, nisamehe. Mimi sina jino la nyangumi. Nina watoto wanne tu. Kiwanda kimemwandikia hakuna kazi ya mtu wa mguu mmoja."

Mama aliyekuwa anauza majimbi pembeni akageuza uso.

 Mzee Inoke akafunika mafungu yake kwa gunia, akamwomba yule mama amwangalizie, akaongoza njia. Alitembea mbele, haraka, halafu akakumbuka magongo, akapunguza mwendo.

Saa kumi na robo walikuwa dirishani. Jone hakutania. Alimpa mzee kalamu kwa mikono miwili.

"Hapa, Mzee, au hapa."

"Kipi ni hayajaisha?"

Jone akamwonyesha. Mzee aliishika kalamu kama mtu anayeshika kisu cha mwenzake. Akaweka alama. Moja tu, nzito, karatasi ikatoboka kidogo. Muhuri ukagongwa. Vasiti akashusha pumzi kwa sauti.

"Limepokelewa," Jone akasema, macho yake yapo kwenye daftari. "Sasa tunawapelekea kiwanda. Wana siku tisini za kujibu."

"Na wakijibu?"

"Wakipinga, inakwenda makao makuu, Suva."

"Na Suva inachukua muda gani?"

"Kaka," Jone akasema, "usiniulize hiyo."

Jioni, jua halijazama bado, wanaume wa kijiji walikusanyika kunywa kava kama kawaida. Nafasi ya Baba Mkubwa Inoke ni upande wa juu wa chumba, karibu na bakuli la kava, wanakokaa wazee wenye neno. Aliingia mlangoni, akainama, na akakaa hapo hapo mlangoni, kwenye ukingo wa mkeka, chini kuliko hata vijana wanaosubiri zamu ya kutwanga.

"Mzee, panda huku," mtu akaita.

Hakupanda. Kijana mgawaji akamletea kifuu cha kwanza, kama alivyozoea kumletea miaka yote. Mzee akakisukuma taratibu kwa kiganja.

"Mpe mwingine. Leo nimelirudisha neno langu, huko mjini, mbele ya karani. Mlijue kwangu kabla hamjaambiwa na watu."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana sababu yenyewe ilikuwa imekaa katikati ya chumba, magongo yameegeshwa ukutani. Mgawaji alibaki na kifuu mkononi, hajui akipeleke wapi.

Sakeasi hakuyafuata magongo. Aliweka viganja mkekani, akajivuta, akapita mbele ya magoti ya wazee bila kuomba njia, mpaka mlangoni. Akakaa chini kuliko Baba Mkubwa, mahali ambapo mkeka umeisha.

"Leteni huku," akasema. "Tutaanzia huku."