Asubuhi Pikipiki ya Nesi Ilipogoma

Nesi alibonyeza kitufe cha selfu, kile cha kuwashia injini, mara ya kwanza, kimya. Akabonyeza mara ya pili, kimya. Mara ya tatu alibonyeza kwa adabu, kama mtu anayegonga mlango wa bosi, na bado pikipiki ikamkaushia. Hata taa ya dashibodi haikuwaka. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na mtihani wa leseni ulikuwa saa tatu kamili.

Nami sitamficha mtu kitu: kabla ya kuogopa, Nesi alifurahi. Ndiyo, alifurahi! Kitu fulani tumboni mwake kiliruka na kusema, basi, leo haiendi, rudi ndani ukanywe chai. Aliona haya, akakikemea, akavua kofia ngumu na kukunja mikono ya shati.

Maana siku yenyewe haikuwa ya kukosa. Zahanati ilitaka nesi mmoja wa kuwafuata wajawazito majumbani, na mganga mkuu alishasema kwamba atakayemletea leseni ya pikipiki kabla ya leo jioni, kazi ni yake. Asipopatikana mtu, nafasi inapelekwa kwingine. Miezi miwili iliyopita mama mmoja aliyeshikwa na uchungu ng'ambo ya kilima alituma watu kumwita Nesi. Nesi akatembea saa mbili kwa miguu, akahema mpaka akaona nyota, na alipofika akamkuta mama keshajifungua peke yake sakafuni. Wote wawili wazima, Mungu mkubwa. Lakini yule mama alimwangalia akasema, "Nilikuita sana." Hakumlaumu, alisema tu. Neno hilo lilimkaa Nesi kooni mpaka akanunua pikipiki, na umri wake ni miaka hamsini na mmoja.

"Mume wangu!" aliita. "Njoo uone, imegoma!"

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwokaji kwa sababu ya tanuri lake la mikate uani, alikawia kidogo kutoka. Alitokea akifuta mikono kwenye aproni.

"Aa! Imegoma? Loo, pole mke wangu." Sauti yake ilikuwa tamu kupita kiasi. "Ndiyo mambo ya mashine. Labda mtihani wa mwaka ujao..."

"Mwaka ujao nani?" Nesi alisema. "Lete bisibisi."

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya kisasa, haina kiki ya kupiga kwa mguu. Na kule kwenye mtihani, anayesukuma ameshindwa. Ni selfu au hakuna. Fundi aliyemfundisha kuendesha alimwambia jambo moja: ikigoma usiitukane, fuata umeme toka unakoanzia mpaka unakoishia. Nesi alilielewa kwa lugha ya kazini kwake. Betri ni moyo, nyaya ni mishipa, na kidole kikifa ganzi unatafuta damu ilikozibwa.

Akainua kiti. Betri ipo, nyaya zake zimekazwa barabara. Akageukia kisanduku cha fyuzi, na hapo akasita. Kifuniko kilikuwa na alama za vidole vitatu, nyeupe pe. Akakifungua. Fyuzi kubwa haipo.

"Mume wangu."

"Naam."

"Nyumba hii nani anashika unga kabla jua halijachomoza?"

Mwokaji alitazama mikono yake kana kwamba ameazimwa. "Labda panya."

"Panya mwenye kidole gumba?"

Mlangoni, kwenye kiti chake cha kukunja, mama mkwe alicheka mpaka peremende ikataka kumpalia. Huyu ni Mama Redio. Alitengeneza redio sokoni kwa miaka thelathini, akaja kwa mwanawe kukaa wiki mbili, na huu sasa ni mwaka wa tisa. Peremende haimtoki mdomoni.

"Juzi nilikuona ukikata kona," Mwokaji alisema, na sasa sauti haikuwa tamu tena. "Roho ilinitoka, ikazunguka mtaa, ikarudi. Naogopa, mke wangu. Basi."

"Fyuzi iko wapi?"

"Ilikuwa mkononi. Ulivyoniita, nikashtuka, nikaichomeka kwenye mkate."

"Mkate gani?"

"Sikumbuki."

Mikate ilikuwa thelathini, mibichi bado, imeumuka vizuri kwenye makopo yake ikisubiri tanuri. Basi mtu na mkewe wakaanza kuchomeka vidole kwenye unga, mmoja huku, mwingine kule, na kila mkate uliotobolewa ukatoa pumzi na kunywea. Mwokaji aliguna kila mara kama anayechomwa sindano. Nesi alitaka kukasirika, akashindwa, kicheko kikamwanzia kwenye mbavu. Mkate wa kumi na tisa ndio ulioitoa fyuzi, imevaa unga mpaka masikioni.

Wakaisafisha, wakairudisha mahali pake. Nesi akawasha ufunguo. Giza totoro.

"Ah! Sasa nini tena?" Saa mbili kasoro robo.

Akarudi kwenye moyo wa mashine. Nyaya za betri alizitikisa, hazikutikisika. Mtu mwingine angesema hapa pazima, akaenda zake. Lakini Nesi alishaona wagonjwa wanaosema hawajambo huku wamekunja uso. Akachukua spana, akafungua kichwa kimoja cha betri, akainua waya. Kati ya waya na betri palikuwa na kikaratasi cha nailoni, kimekunjwa kwa ufundi, rangi ya kijani, kinanukia mnanaa. Waya umekazwa kweli, ila umeme hauna pa kupita.

Akakiinua juu kwa vidole viwili.

"Mama."

"Sijui kitu," Mama Redio alisema.

"Bado sijauliza."

"Nimejibu mapema, si una haraka?"

"Mama!" Mwokaji akadakia, kwa furaha ya mkosaji aliyepata mwenzake. "Kumbe na wewe!"

"Wewe nyamaza, kazi yako ilikuwa ya kitoto. Kuacha vidole vya unga!" Kisha akamgeukia mkwewe, na ucheshi ukamwisha ghafla. "Mwanangu huyu namjua. Akichemsha maji, maji yanaungua. Ukianguka huko kwenye makorongo, mimi nabaki na nani? Nani atanikata kucha? Nani nitagombana naye? Sikukuzaa, lakini sina mwingine."

Nesi alimsikia, na moyo ulimlainika, lakini kichwa kilikuwa kimeshapanda moto. Akawaka!

"Nyinyi wawili! Watu wazima na mvi zenu! Mnaingia hapa mmoja mmoja kama wezi, mnanifungia njia, halafu mnaniambia pole? Mimi nimewahi kumzuia nani kazi yake? Mnaogopa? Kaogopeni, lakini semeni usoni! Mtu muoga wa chinichini simtaki kwenye nyumba hii, hata mmoja!"

Wakainamisha vichwa kama watoto mbele ya mwalimu. Nesi akakaza waya huku anahema, akawasha ufunguo, na dashibodi ikang'aa yote. Taa ya kijani ya gia huru, hiyo hapo. Honi, piii! Mama Redio akapiga vigelegele bila kujizuia. Nesi akakaa vizuri, akabana klachi, akabonyeza selfu.

Kimya.

"Haki ya Mungu, mimi nilitoa fyuzi tu," Mwokaji alisema haraka.

"Na mimi karatasi moja tu," Mama Redio akaapa. "Niweke mbili za nini?"

Nesi alikuwa anaangalia mkono wa kulia wa usukani. Hapo, juu kidogo ya kitufe cha selfu, kuna swichi nyekundu ya kuzima injini kwa dharura. Ilikuwa imezimwa. Na juu ya wekundu wake palikuwa na doa la kidole gumba, la zambarau.

Taratibu akageuza kiganja. Jana mchana kule zahanati alimpaka mtoto mmoja dawa ya zambarau mdomoni, ile dawa isiyotoka hata ukisugua kwa mchanga, na kidole gumba chake kilikuwa cha rangi ile ile. Jioni, kabla ya kula, alikuja hapa peke yake kujizoeza kusimama ghafla. Akabonyeza nyekundu, akashuka, akaiacha hivyo hivyo. Alisahau? Angependa sana kusema alisahau. Lakini alikumbuka pia jinsi alivyotembea kuingia ndani, mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Mwokaji alisogea akachungulia swichi. Akachungulia kidole. Akafungua mdomo.

"Usiseme," Nesi alisema.

"Panya," Mwokaji alisema.

Basi ndiyo ikawa mwisho wa adabu. Mama Redio alicheka mpaka kiti cha kukunja kikajikunja naye ndani. Mwokaji alishika ukuta. Nesi alilala juu ya tangi la mafuta akicheka na machozi yakimtoka, na katikati ya kicheko akasema, "Na mimi naogopa. Naogopa kuliko nyinyi wote. Lakini nitakwenda." Alipolisema hivyo, kwa sauti, mbele za watu, hofu haikuondoka ila ilipungua uzito.

Akarudisha swichi. Akabonyeza. Pikipiki ikanguruma mpaka mikate iliyonywea ikatikisika kwenye makopo.

Sheria inataka mwanafunzi abebe nyuma mtu mwenye leseni, na mwenye leseni alikuwa Mwokaji, aliyeipata ujanani na kuiweka kabatini. Alimkumbatia mkewe kiunoni, akafumba macho, na njia nzima akahesabu kwa sauti. Alifika elfu na mia nne.

Uwanjani mkaguzi alisema, "Washa." Nesi aliangalia swichi nyekundu kwanza, ndipo akabonyeza. Aliipita mistari, akazunguka koni zote. Moja aliigusa, ikayumba, ikafikiria, ikasimama. Saa sita juu ya alama mganga mkuu alikuwa ameishika leseni ile mkononi na kuandika jina la Nesi kwenye ubao wa zahanati.

Waliporudi nyumbani, Mama Redio alikuwa amesimama langoni. Amevaa viatu vya kutokea, mkoba begani, na kofia ngumu ya akiba kichwani, ameivaa nyuma mbele.

"Shuka," alimwambia mwanawe.

"Mama, si ulisema pikipiki hutaki hata kuisikia?"

"Nilisema asiende. Sikusema asinibebe." Alipanda, akajiweka sawa, akamshika mkwewe kwa mikono miwili. Kisha akafungua mkoba kidogo, akamwonyesha kikofia cha sufu cha mtoto mchanga, kidogo kama ngumi. "Nilianza kukifuma siku ile ile uliporudi unalia. Nipeleke ng'ambo ya kilima, kwa yule mama aliyekuita sana."

Nesi aliirudisha miwani yake ya vumbi machoni, akapitisha kidole chake cha zambarau kwenye swichi nyekundu kuhakikisha, akapiga selfu.