Ngazi Iliyopakwa Rangi

Sikulala kwa uchovu siku ile, nililala kwa hasira. Wenye kuijua hasira ya kweli watanielewa: inakuchemsha tangu asubuhi, halafu mchana inakuangusha kama homa. Nilikuwa nimejitupa mkekani katika chumba cha uani, nyumbani kwangu Ngamiani, Tanga, baada ya kuletewa habari kwamba alasiri nitapata wageni. Wageni wenyewe ni watu wa upande wa kijana mmoja wa Pangani aliyemposa Yasimini, binti wa jirani yangu Bi Hidaya. Kwetu posa haijibiwi hivi hivi. Kwanza watu wa mume hupita kwa majirani wakauliza: binti ana tabia gani, kwao kukoje, kuna maradhi, kuna maneno? Na jirani wa ukuta kwa ukuta ni mimi, Mwanakombo. Neno langu lingemwozesha Yasimini, au lingemkalisha kwao.

Nami neno nilikuwa nalo. Miaka tisa nyuma, walipokuja watu kumuulizia binti yangu Mwantumu, walianzia kwa Bi Hidaya. Mwantumu alikuwa amewahi kuzimia mara moja tu maishani mwake, Ramadhani ya joto kali, akiwa amesimama jikoni anapika futari, na Bi Hidaya mwenyewe ndiye aliyemmwagia maji usoni. Walipomuuliza, akashika tama, akashusha sauti: "Mtoto mzuri, masikini. Ila ndiyo hivyo, huanguka." Basi. Wageni wakaaga, posa ikafa, na baada ya hiyo hakuna nyingine iliyobisha hodi, maana maneno ya mtaani hayahitaji nauli. Mwantumu yuko ndani mpaka leo, anashona nguo za harusi za wenzake. Kwa hiyo safari hii nilijiandaa. Sikutaka kusema uongo; uongo ni kazi ya wanaoanza. Ningesema hivi: "Yasimini? Mwaka jana alikwenda Dar es Salaam, akakaa miezi mitatu, akarudi amekonda. Zaidi ya hapo msiniulize mimi." Nilijua vizuri kwamba alikwenda kumuuguza shangazi yake aliyevunjika nyonga. Lakini nani kanituma nimalizie? Watu wa Pangani wangemaliza wenyewe. Dawa ya moto ni moto, nikajisemea, na utamu wa maneno yale ukanibembeleza. Barazani watoto walikuwa wanacheza nyoka na ngazi kwa sheria ya mtaa wetu, iliyochanganywa na ya ludo: ukimkuta mwenzako chumbani mwake unamla, anarudi mwanzo. Kitu cha mwisho nilichosikia ni kitoto kimoja kikipiga kelele, "Nimekula! Rudi mwanzo!"

Hapo nikajikuta nimesimama juu ya kitambaa kilichotandikwa juu ya nchi nzima. Kilikuwa kimechorwa vyumba vya mraba, kila kimoja kikubwa kama ua wa nyumba, na katika kila chumba palikuwa na maandishi yaliyofutika nusu. Nyoka walikuwa wengi, wamelala kukatisha vyumba, macho wazi, vichwa juu na mikia chini, na ngazi zilikuwa chache, zimesimama mbalimbali. Nilikuwa kwenye chumba cha kwanza kabisa, na pembeni yangu amekaa Mwantumu wangu, kichwa kainamia kitambaa mapajani. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona huchezi?" Akajibu bila kuinua macho, "Nilikuwa mbali, mama, nikaliwa." Nikatazama juu, na kule mwisho, karibu na mlango wa mwisho ambao kila mtu anauendea, nikamwona mwanamke anatembea kwa madaha, mgongo kanipa, amejitanda kanga nyekundu. Maandishi ya kanga niliyasoma tokea kule chini: Mtasema mchana, usiku mtalala. Ile kanga naijua. Bi Hidaya aliinunua mwaka ule ule alioivunja posa ya mwanangu, akawa anaianika kwenye kamba inayotazama dirisha langu.

"Namtaka yule," nilisema, na sauti ikanijibu, "Wote wanaoingia huku wanamtaka mtu." Alikuwa bibi kizee mfupi, mgongo mweupe unaong'aa, mdomo wa wima wenye meno madogo madogo. Akasema anaitwa Bi Kete, na kwamba nikitaka kwenda mbele itabidi nimrushe yeye, ndiyo kazi yake ya asili. Nikamchukua, akawa mwepesi kiganjani kama kete yoyote ya pwani, gamba tupu la konokono wa baharini, nikamrusha. Alipoanguka mdomo juu, miguu yangu ikaenda yenyewe. Tukaanza safari. Njiani alinisimulia habari za mchezo ule, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuheshimiwa.

"Sisi tuliokotwa kwenye fukwe kama hizi zenu," alisema, "tukapakiwa kwenda Bara Hindi. Huko watu wazima walitandika kitambaa hiki, wakaturusha, wakahesabu tulioanguka mdomo juu. Haukuwa mchezo wa kupotezea mchana. Mtoto aliketi na bibi yake, na kila nyoka alitajwa kwa jina. Huyu Kiburi. Huyu Kijicho. Kila ngazi nayo ilitajwa, na mtoto alijifunza kwamba nyoka ni wengi kuliko ngazi, maana kuharibu ni rahisi kuliko kutengeneza. Halafu wakaja wageni waliotawala nchi ile, wakakipenda kitambaa, wakaenda nacho kwao ng'ambo. Kule wakasema watoto wataogopa. Wakapunguza nyoka, wakaongeza ngazi, mpaka zikalingana idadi. Mwanzo walichora vitoto vyema na vitoto vitundu, baadaye picha nazo zikaondoka. Wakamweka Dadu mahali pangu, yule mwenye nyuso sita, anayetabasamu kwa kila mmoja. Mchezo ukarudi kwenu madukani ndani ya boksi, nyoka hawana majina, na mimi sina kazi. Nami namngoja Dadu. Siku moja atadondoka mahali nilipo." Alipokwisha kusema hayo meno yake yaligongana, nami nikampenda sana, kwa sababu alinena kama mimi.

Tukafika kwa Subira, amekaa chini ya ngazi yake anachagua mchele kwenye ungo. Hakuwa mpole kama anavyosifiwa. "Wewe hunipendi," aliniambia, "unataka kupanda tu." Nikasema ni kweli, miaka tisa nimekaa naye nyumba moja, sasa anilipe. Akacheka, akasogeza ungo nikapita. Ngazi ile ilikuwa ya mti mkavu, inauma viganja, lakini iliniinua safu tatu. Juu yake nikakuta nyoka mkubwa kuliko wote niliokwisha kuwaona, mkia wake umeshuka mpaka chumba cha Mwantumu, na kichwani pameandikwa Fitina. Alikuwa amenenepa, ngozi inang'aa, na alikuwa amempaka rangi ya kucha mwanamke aliyepita hapo karibuni, maana chupa ya hina bado ilikuwa wazi. Nikashikwa na ghadhabu. "Hidaya kapita hapa kwa miguu yake," nikamwambia Bi Kete. "Mbona hakumezwa? Mbona kamezwa mwanangu?" Bi Kete akajibu polepole, "Nyoka humeza kwa zamu, na kila mtu ana zamu yake. Zamu ya mwenzio si yako kuirusha." Hayo nikayaona maneno ya vitabuni. Nikamkamata nikamrusha tena, kwa nguvu, mpaka akalia.

Ndipo nikaiona ngazi moja isiyofanana na zile nyingine. Ilikuwa pana, nyeupe, imepakwa rangi ya mafuta kama mlango wa ofisi ya serikali, na juu yake kwa herufi kubwa pameandikwa HAKI. Ilifika moja kwa moja mgongoni mwa ile kanga nyekundu. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Bi Kete akarudi nyuma. "Walipozilinganisha idadi," alisema, "walipungukiwa ngazi moja. Mafundi walikuwa wavivu. Hii sikushauri." Nikamuuliza yeye alikuwa anakaa wapi muda wote huu anapomngoja Dadu. Alitazama chini, nami nikaona kwamba upande mmoja wa mgongo wake umechubuka, una alama za meno. Ningeweza kuelewa pale pale. Lakini mwenye kisasi haoni alama za meno kwa mwenziwe, nami nikapanda.

Vidato vilikuwa baridi. Nilidhani ni chuma. Kadiri nilivyopanda ndivyo nilivyojisikia mwepesi, mwenye haki, mzuri. Nilijiona nimerudi ujana, nikawa naimba. Niliyaimba maneno yangu: alikwenda Dar es Salaam, akakaa miezi mitatu, akarudi amekonda. Kila nikiyaimba kidato kinanisogeza juu chenyewe. Nilifika, nikaing'ang'ania ile kanga kwa mikono miwili, nikaivuta kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele kama wale watoto wa barazani, "Nimekula!" Mwenye kanga akageuka. Hakuwa Bi Hidaya. Alikuwa Yasimini, usingizi bado machoni, mikono inanuka dawa ya kuchulia ya hospitali.

"Shikamoo Bi Mwanakombo," akasema.

"Marahaba," nikajibu, kwa mazoea, na ngumi zangu bado zimeshika kanga kifuani pake.

"Mama kaniazima kanga hii, akanitanguliza. Kasema wewe ni jirani, utaniangalia."

Nilitaka kuachia, vidole vikakataa. Chini ya nyayo zangu vidato vikapumua. Nikatazama, rangi nyeupe inabanduka vipande vipande, na vile nilivyovikanyaga havikuwa vidato, zilikuwa mbavu, na jina lililokuwa chini ya HAKI likajitokeza: Kisasi. Nilikuwa nimepanda nyoka kuanzia mkiani, na sasa nimesimama mdomoni mwake, nimemshika mtoto wa watu ili tusiachane. Akafumba mdomo. Tukaporomoka pamoja gizani, Yasimini akiniita mama, mama, mpaka tukatupwa kwenye chumba cha kwanza. Mwantumu alikuwa pale pale. Hakushtuka wala hakufurahi. Alikunja kitambaa chake, akasogea kidogo kutupa nafasi, akamwambia Yasimini, "Karibu. Kaa vizuri, kuna wengine wanakuja." Na nilipotazama nyuma yake nikaona chumba kile hakina ukuta wa mwisho, kimejaa mabinti wamekaa safu kwa safu, na hapakuwa na mama hata mmoja aliyekiri kwamba kakosa.

Nikaamka nimelowa jasho, na adhana ya alasiri inaadhiniwa. Maana ya ndoto haikunijia kwa upole. Ilinijia kama kofi. Nilikuwa najiandaa kumpiga Hidaya na Hidaya hayumo ndani ya maneno yangu. Yumo Yasimini. Hivyo hivyo Hidaya alipotaka kunipiga mimi, hakunigusa hata ukucha. Tunarushiana mabinti, tunaita haki. Na bado, nawaambieni ukweli, nilipokuwa natawadha yale maneno yalinijia tena mdomoni, matamu vile vile.

Wageni wakabisha hodi: mzee mmoja mwenye kanzu, na shangazi wa kijana, mama mnene mwenye macho makali. Nikawakaribisha. Tukaulizana hali za Pangani, bei ya nazi, maumivu ya magoti. Mwantumu akaingia na sinia la kahawa, na wakati huo huo shangazi akasogea kwenye kiti.

"Sasa dada," akasema, "sisi tumekuja kwako, wewe ndiye jirani. Huyu binti Yasimini yukoje?"

"Yasimini?" nikasema. "Mwaka jana alikwenda Dar es Salaam. Akakaa miezi mitatu. Akarudi amekonda."

Wallahi sikukusudia kuyasema. Yalitoka yenyewe, kwa jinsi nilivyoyazoea. Shangazi akamtazama mzee. Mzee akaweka kikombe chini. Mwantumu alikuwa amesimama katikati ya chumba, sinia mikononi, hatikisiki. Nilibakiwa na sentensi moja tu, ile ya zaidi ya hapo msiniulize mimi, nayo ilikuwa imeshakaa kwenye ncha ya ulimi.

"Alikwenda kumuuguza shangazi yake aliyevunjika nyonga," nikasema. "Alikonda kwa kumnyanyua mtu mzima, kumuogesha, kumgeuza, usiku na mchana. Waulizeni hospitali nzima. Binti wa namna hiyo mkimwacha, mtajuta."

Shangazi akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Na mama yake je?"

"Mama yake hamumposi," nikamjibu.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Walipoondoka walinishika mikono kwa heshima, wakaenda moja kwa moja nyumba ya pili. Msije mkanisifu. Bi Hidaya sijamsamehe, na akinisalimu kesho nitamwitikia kwa meno. Nilikataa tu kumla mwanawe. Nikarudi ndani nikamkuta Mwantumu amekaa kwenye kiti cha mgeni, sinia kaliweka sakafuni, anaitazama kahawa iliyobaki.

"Nilitamani uishie pale, mama," akasema. "Pale kwenye kukonda."

"Hata mimi, mwanangu," nikamwambia. Nikakaa karibu yake, tukalia wote wawili kwa hasira tupu, na upande wa pili wa ukuta wakaanza kupiga vigelegele.