Dirisha la Chumba cha Mbele

Vumbi lilielea kwenye mwanga wa dirisha, likipanda, likishuka, halina haraka, halina pa kwenda. Fundi viatu alilitazama. Leo anatoka. Katika wodi hii alitetemeka, akatapika, akamlilia marehemu mama yake. Kisha akalala, akala, akacheka tena. Leo anatoka, na moyo unamdunda kuliko siku aliyoletwa.

Kando yake alikaa dada yake mkubwa, fundi cherehani, ndani ya gauni lake la kutokea. Mbele yao muuguzi, mama wa sauti ya taratibu, aliuliza mambo madogo madogo. Nani atamsindikiza kila asubuhi kuja kunywa dawa? Dada. Kazi atafanyia wapi? Barazani, karibu na cherehani. Na akiteleza, atamwambia nani? Dada, siku ileile, kabla aibu haijamfunga mdomo.

"Tena mnisikilize vizuri," akasema muuguzi. "Mwili wake umeshausahau unga, ile dawa ya kulevya. Akirudia kiasi kile cha zamani, hata mara moja tu, tutamzika."

"Mungu apishe mbali," akasema dada.

"Atalala wapi?"

Hapo dada akang'aa. "Chumbani kwake kulekule! Nimekipaka rangi, nimeshona pazia jipya, kitanda nimekisogeza dirishani apate hewa."

Fundi viatu akainamisha kichwa. Dirisha lile, masikini! Dirisha linalotazama kona, kona wanayosimama wenzake wa unga, na wenzake wana mluzi wao. Mluzi ukilia, miguu inatangulia, akili inafuata nyuma. Dada hakujua. Miaka yote alidhani ni vijana wanaitana mpirani.

Amwambieje sasa? Pazia kalishona mwenyewe, rangi kaipaka mwenyewe, kwa mapenzi. Angenyamaza tu, aitikie, aende. Mara ngapi alishanyamaza, akaitikia, akaenda! Muuguzi alimsubiri, wala hakumsaidia.

"Dada," akasema, "kile chumba kitaniua."

Akamweleza yote: dirisha, kona, mluzi, miguu yake.

"Na rangi yote ile!" dada akapayuka, machozi yakimtoka. Aliumia, na hakuficha kwamba ameumia. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi. "Haya, tunabadilishana. Mimi nahamia mbele, wewe unalala kwangu nyuma, huko husikii hata honi. Ila panya wangu uwaheshimu, wamenizoea."

Muuguzi alicheka, mbavu hana.

Jioni hiyohiyo mluzi ukalia. Kumbe husikika hata huko nyuma! Ulipita ukuta wa kwanza, ukapita wa pili, ukamkuta ameketi kitandani kwa dada yake. Miguu ikashtuka. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akaona haya, akaona hamu, vyote kwa pamoja. Mungu wangu, alitaka kwenda.

Kisha akasikia dirisha la mbele likifunguliwa kwa kishindo.

"Abee! Nimeitika!" Sauti ya dada ilijaa mtaa mzima. "Mnataka nini? Suruali zimewapwaya? Leteni nizipunguze!"

Viatu vikatimua mbio, na kimoja alikitambua: soli yake aliibandika yeye mwenyewe, na bado inapigapiga. Akacheka, huku analia, huku kashika kitanda. Alijua kesho watarudi. Dada naye alijua, ndiyo maana dirisha alilifunga polepole, akavuta kiti chake hapo karibu.

Asubuhi mwanga ulipenya katika tundu la hewa la chumba cha nyuma, mwembamba kama uzi. Vumbi lilielea ndani yake, likipanda, likishuka.

"Umeamka?" dada akagonga mlango. "Dawa inatungoja."

"Nimeshavaa viatu," akajibu. Vumbi halikuwa na pa kwenda. Yeye alikuwa napo.