Alhamdulillahi ya Mama

Wallahi sitaki kuulizwa tena kama Mwanarehema, mdogo wangu, amepona. Kifafa kimetoka, naam. Kilichobaki njooni Likoni mkitazame wenyewe.

Vidonge vyote vilishindwa. Alikuwa akianguka mpaka jikoni, mkono wa kushoto umejaa makovu ya moto. Mwaka wa tisini na saba wakaja madaktari wageni Nairobi, wakampitishia sindano kwenye kitundu cha fuvu, wakachoma kijisehemu cha ubongo. Akarudi kwetu Shika Adabu, hapa hapa Likoni, na plasta tu. Hakuanguka tena. Tukasoma maulidi, tukalisha pilau mtaa mzima.

Daktari wetu wa Mombasa alituonya mapema: akibadilika tabia semeni upesi, huwatokea baadhi ya wanaofanyiwa hivi, na dawa ipo. Nani akumbuke, na pilau iko motoni! Mwanarehema akaanza kulia bila sababu. Akasema majirani wanamsengenya ukutani. Faki, mwanawe wa kunyonya, akawa hataki hata kumshika.

"Mama, tumwambie daktari," nikasema.

"Dhahabu, koma! Mungu kampa afya nawe wataka kukufuru?"

Kliniki alimpeleka yeye Mama. Daktari akiuliza hali, Mama humjibu kama anavyowajibu watu mlangoni: "Alhamdulillahi, mzima." Mgeni haelezwi shida za nyumbani, ndivyo alivyolelewa. Lakini daktari ni mgeni, jamani?

Khatibu, mumewe, akachoka. "Kifafa nilikivumilia," alisema. "Hiki ni kiburi." Akatoa talaka, akambeba Faki hadi Kisauni kwa mke mpya.

Hapo sikumsikiliza mtu. Nikamshika mdogo wangu mkono, nikampeleka mwenyewe, nikamwaga yote. Daktari alijishika kichwa. "Mbona kila mara naambiwa ni mzima?" Akaandika dawa nyingine.

Zilichukua miezi, lakini zile sauti zikanyamaza. Akaanza kula, akaanza kusuka nywele. Asubuhi moja akaniuliza, "Dada, mwanangu yuwapi?"

Tukavuka feri mpaka Kisauni. Faki alikuwa ashatembea. Mwanarehema akachuchumaa uani, akafungua mikono.

"Njoo, baba. Njoo kwa mamako."

Mtoto alimkodolea macho, kisha akageuka mbio, akamng'ang'ania mke wa Khatibu miguuni, akilia kwa hofu, "Mama! Mama!"