Ukurasa wa Mwisho ni Mkono wa Mama

Asubuhi, kabla harufu ya gundi haijakolea, mdogo mtu alikuwa akibandika manyoya ya bata kwenye ukurasa wa pili. Karakana ilitengeneza vitabu vya kugusa, vya watoto ambao meno yao bado yanahesabika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sufu, nayo ndiyo tumbo la kondoo. Baada ya bata ulikuja msasa laini, ulimi wa paka. Wa mwisho ulikuwa na mahameli iliyokatwa umbo la kiganja, na chini yake maneno: Gusa mkono wa mama.

Madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari, kwa sababu upepo kidogo tu ungeyatawanya manyoya. Hakuna aliyevaa glavu, kwa kuwa glavu haihisi pembe iliyoinuka. Wala ukutani hapakuwa na saa. Bosi alisema saa huwafundisha watu kuchoka. Kwa hiyo kila mbandikaji aliweka kiganja kitupu juu ya kipande chake, akakandamiza, akataja polepole jina la mtoto wake mara tatu. Akimaliza, gundi imeshika. Mama Mapacha alikuwa na majina mawili ya kutaja, na kazi yake haikubanduka hata kwa koleo. Binti mmoja asiye na mtoto alikuwa akilitaja jina la mwanamume aliyemkimbia. Kurasa zake zilirudishwa zote.

Kiti cha ukurasa wa mwisho kilikuwa kitupu. Hapo alikuwa akikaa dada mtu, mkubwa wa yule wa manyoya ya bata. Kilianza kikohozi, kikafuata kichwa. Akaomba dirisha moja lifunguliwe, akaambiwa manyoya yatapeperuka. Akaomba ruhusa akapumzike na mwanawe, akaambiwa amalizie oda kwanza. Aliimaliza. Wiki hiyohiyo alizikwa, na vitabu vyake vikaenda madukani.

Alimwacha mtoto wa kike anayeanza kutembea, waliyemwita Kijiko, maana alizaliwa mdogo hivi kwamba hata maziwa alinyweshwa kwa kijiko cha chai. Mama mdogo akamchukua. Tangu hapo mtoto hakulala ila ameshika kitu, na kila alichoshika alikiachia baadaye akilia, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kisha habari zikaanza kuja kutoka madukani. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na joto. Mtoto akiuwekea mkono wakati wa usingizi wa mchana, kiganja kile kilivifumbata vidole vyake. Halafu kilipanda, kikapima homa kwenye paji la uso, kikapita shavuni, kikaingia nyuma ya sikio la kushoto na kutafuta kitu pale. Kisipokipata, kilirudi ukurasani taratibu, kama mtu aliyepiga hodi nyumba siyo. Wazazi hawakulalamika. Walisema watoto wanalala vizuri. Walitaka tu kujua kama mahameli hiyo inafulika.

Mdogo mtu aliposikia habari ya sikio, aliiacha brashi ndani ya kopo. Nyuma ya sikio la kushoto, Kijiko alikuwa na kinundu cha kuzaliwa nacho, kidogo kama punje ya mchele. Marehemu alizoea kukigusagusa akimnyonyesha.

"Dada yako anamtafuta mwanawe nyumba kwa nyumba," Mama Mapacha alimwambia, bila kuinua kiganja chake. "Kama mtu aliyepotelewa na kuku. Na mtoto mwenyewe hana kitabu."

Ni kweli hakuwa nacho. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kutoka na kitabu. Mlangoni walipekuliwa mpaka kwenye vilemba. Mdogo mtu akaenda kwa bosi. Bosi alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema na yeye msiba ule ulimuuma. Ila mkono huo sasa ndio unaouza kitabu, na ameshaagiza kibandiko cha jaladani kisemacho kwamba kitabu hiki kinabembeleza.

"Nikikupa wewe kimoja, mama, hawa wengine nitawaambia nini?"

"Waambie dada yangu alikuwa mmoja tu."

Bosi akatabasamu, akamfungulia mlango.

Ikatokea jirani anayemwangalia Kijiko mchana akasafiri kwenda kuuguza. Mdogo mtu akaja na mtoto kazini, akamficha chini ya meza na kipande cha mkate. Mkate ulipokwisha, Kijiko akatambaa hadi kwenye rundo la vitabu vilivyorudishwa kwa sababu ya jalada kuchanika. Akakifungua kimoja kama watoto wanavyofungua vitabu, yaani kwa nyuma.

Kiganja kikavifumbata vidole vyake. Kikapima paji, kikapita shavuni, kikaingia nyuma ya sikio. Hapo kikatulia. Hakikurudi.

Kijiko akalala palepale sakafuni, usingizi wa mtoto aliyeshiba. Wabandikaji wakaendelea kutaja majina, lakini kwa sauti ya chini ili wasimwamshe. Wakati huohuo, katika kila nyumba yenye kitabu, mahameli ilipoa ikawa kitambaa. Simu ya bosi ikaanza kulia.

Bosi akashuka. Akakivuta kitabu, mtoto mzima akaja nacho. Akajaribu kupenyeza rula katikati ya vidole, ikashindikana. Akaligeuza jalada, akaona limechanika na sasa limelowa mate.

"Basi, mwache nacho," alisema. "Tuseme hiyo ndiyo fidia ya marehemu. Yameisha."

Watu wote wakasema asante bosi, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa. Mdogo mtu naye akasema.

Kesho yake aliambiwa ahamie kiti cha ukurasa wa mwisho. Wateja walikuwa wakiulizia vitabu vyenye joto, na bosi aliona huenda jambo hili linakwenda kwa damu. Madirisha yalibaki na misumari yake. Mdogo mtu akakaa, akaweka kiganja juu ya mahameli, akasema Kijiko, Kijiko, Kijiko. Kikohozi kilipomwanza, Mama Mapacha alimsogezea kikombe cha maji.

Jioni nyumbani, Kijiko alikaa mkekani, mkono mmoja kwa mama yake kitabuni, mwingine hauna kazi. Mama mdogo akauchukua huo mwingine. Akakishika kidole cha mtoto, akakipitisha kwenye kiganja chake mwenyewe: hapa mstari, hapa sugu, hapa kovu la mkasi.

"Hili kovu ni langu," alimwambia. "Lishike vizuri. Usije ukanisahau nikija kukutafuta nikakuta umekuwa mkubwa."

Kijiko akacheka, akaligusa tena bila kuongozwa. Wakarudia mpaka taa ikawashwa, mpaka kidole kikalijua kovu kama kilivyolijua titi. Mama mdogo akakohoa, akageuza uso pembeni asimkoholee mtoto. Kwenye kitabu, mkono wa mama ukajisogeza kidogo kando ya ukurasa, ukaacha nafasi.